Kupandisha Alama za Upimaji Hadi Ghorofa za Juu

Mji wa Iringa umekaa juu ya mwinuko, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, nao Mto Ruaha Mdogo unapita bondeni chini yake. Kihesa iko upande wa kaskazini wa mji, kwenye barabara iendayo Dodoma. Sehemu kubwa ya nyumba zake ni za chini, zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma, na fundi anayezijenga huhitaji vyombo vichache tu: kamba, misumari, pima maji na timazi. Akisha kuzipata pembe nne za msingi, kuta hupanda mbele ya macho yake. Wakati wowote akitia shaka huinama, hupima tena kutoka kwenye msingi, na shaka humwondoka.

Jengo la ghorofa humnyima fundi nafasi hiyo. Mara zege la sakafu ya kwanza likimwagwa, alama zote zilizochorwa chini hufichika. Aliye juu haoni tena mahali nguzo zilipoanzia. Huona uwanja mtupu wa zege na nondo zinazochomoza. Swali linalomkabili ni jepesi kulitamka: ile nukta iliyoko chini, hapa juu iko wapi? Kulijibu kunataka fizikia ya kidato cha tatu, hesabu za pembetatu, na uvumilivu mwingi.

ALAMA ZA CHINI

Kazi huanza ardhini. Kabla nguzo hazijainuka, mpima ardhi huweka kiwanjani alama chache zilizo imara, aghalabu nne, kila moja ikiwa ni msumari au kibao cha chuma kilichozamishwa katika zege na kutiwa nukta ndogo juu yake. Alama hizo haziwekwi juu ya mihimili ya nguzo zenyewe, kwa kuwa nguzo ikisimama itaifunika alama yake. Huwekwa kando, kwa mfano mita 1 ndani ya kila mhimili, mahali ambapo hapatakuwa na nguzo, boriti wala ukuta katika ghorofa yoyote.

Zikiwekwa katika umbo la mstatili wa mita 12 kwa 16, hanamu zake zote mbili zitakuwa mita 20 kamili, kwani mraba wa 12 na mraba wa 16 jumla yake ni 400. Hii ni kanuni ile ile ya fundi anayepima 3, 4 na 5 kwa kamba apate pembe mraba. Hanamu hizo zitahitajika tena baadaye, kwa hiyo hupimwa kwa makini na kuandikwa.

Hapa mwalimu wa jiografia atakutana na jambo ambalo limewasumbua wengi. Ramani za Tanzania huchorwa katika gridi iitwayo UTM, ambayo huigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi 6 za longitudo. Iringa imo katika ukanda wa 36, ambao mstari wake wa kati ni longitudo 33 Mashariki, na ambao hukoma kwenye longitudo 36. Mji wenyewe uko karibu na nyuzi 35 na dakika 41, yaani ukingoni kabisa mwa ukanda, kiasi cha kilomita 296 kutoka mstari wa kati. Kwa kuwa dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, gridi hufupisha umbali kwenye mstari wa kati na kuurefusha pembezoni. Pale Kihesa kila mita iliyopimwa katika usawa wa bahari huonekana kuwa mita 1.00068 katika gridi. Kwa upande mwingine, Kihesa haiko katika usawa wa bahari. Kimo chake cha mita 1,600 hutaka umbali upunguzwe kwa kiasi cha sehemu 25 kwa 100,000. Mambo hayo mawili yakiunganishwa, urefu wa mita 50 uliopimwa kwa utepe juu ya ardhi huwa karibu mita 50.021 katika gridi.

Milimita 21 hizo si kosa la mtu yeyote, lakini huwa kosa mara moja kama mtu mmoja atatumia hesabu za gridi na mwenzake atatumia utepe. Kwa sababu hiyo majengo hupewa gridi yake yenyewe, ambayo ndani yake mita ni mita, nayo huunganishwa na alama za taifa kwa ajili ya mipaka ya kiwanja na mwelekeo tu.

KOSA LINALOKUA KIMYAKIMYA

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kupandisha alama ni kuchukua vipimo vya kila ghorofa kutoka ghorofa iliyo chini yake. Fundi huteremsha timazi kutoka ukingo wa sakafu mpya hadi sakafu ya jirani, huhamisha alama, kisha huendelea. Kwa nyumba ya ghorofa moja au mbili njia hii haina lawama. Ubaya wake hujitokeza jengo likirefuka.

Na ichukuliwe kwamba jengo la ghorofa tisa linasimamishwa Kihesa, kila ghorofa ikiwa na kimo cha mita 3.3, hata jumla ikaribie mita 30. Ichukuliwe pia kwamba kila alama inapohamishwa hupotoka kwa milimita 4, kiasi ambacho fundi mwangalifu hawezi kuona aibu nacho. Kama makosa hayo ni ya bahati tu, mara kulia mara kushoto, baadhi yatafutana. Nadharia ya makosa hufundisha kwamba yatakua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Kipeo cha pili cha 9 ni 3, hivyo juu kabisa itazamiwe tofauti ya milimita 12. Lakini kama kosa lina upande wake, kwa mfano upepo uvumao daima kutoka upande mmoja, au uzi unaofungwa kila mara upande ule ule wa msumari, hakuna kitakachofutana. Milimita 4 mara 9 ni 36, upana wa vidole viwili.

Mtu aweza kusema kwamba vidole viwili katika mita 30 si kitu, na kwamba hakuna jicho litakaloona jengo limeinama. Ni kweli kwamba jicho halitaona. Lifti itaona. Reli zinazoliongoza sanduku la lifti hazina budi kunyooka wima kutoka chini hadi juu, na nafasi iliyobaki kati ya sanduku na kuta za tundu lake huhesabiwa kwa sentimita chache. Tundu lililojengwa likihama kidogo kidogo kila ghorofa hulazimu kuta zichongwe kwa nyundo na patasi, na kuchonga ukuta wa zege wenye nondo ni kuudhoofisha.

Hatari iliyo kubwa zaidi hutokea kosa linapogunduliwa katikati ya safari. Tuseme limegunduliwa kwenye ghorofa ya sita, likiwa limefikia milimita 24, na msimamizi akaamuru nguzo zirudishwe mahali pake mara moja. Nguzo ya juu sasa haisimami katikati ya nguzo ya chini. Kanuni za Uingereza za BS 8110, ambazo wahandisi wa Tanzania walizitumia kwa miaka mingi katika majengo ya zege, zilimtaka mhandisi asiamini kwamba mzigo uko katikati kabisa ya nguzo. Akadirie kuwa umepotoka angalau kwa sehemu 5 kwa 100 za upana wa nguzo, bila kuzidi milimita 20. Kwa nguzo yenye upana wa milimita 300 makadirio hayo ni milimita 15. Marekebisho ya ghafla ya milimita 24 yamekwisha kula akiba hiyo yote na kupita. Ikiwa ghorofa zilizo juu yake zinaleta mzigo wa tani 40 katika nguzo hiyo, nguvu ya kuikunja ni sawa na ya mzigo wa karibu tani 1 uliotundikwa kwenye mkono wa mita 1 utokao ubavuni mwake. Mkono huo haumo katika mchoro wa mhandisi, wala nondo za kuubeba hazikuwekwa.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni kwamba kila ghorofa ipate nukta zake kutoka zile alama za ardhini, si kutoka kwa jirani yake wa chini. Hapo kosa la ghorofa ya tisa litakuwa lake peke yake, bila urithi wa nane zilizotangulia. Njia za kulifanya jambo hili ni tatu, na hazilingani kwa ubora.

TIMAZI NDEFU

Njia ya kwanza ni kuendelea na timazi, ila ishuke mpaka chini kabisa kupitia matundu yaliyoachwa katika kila sakafu, yapata sentimita 20 kwa 20, moja juu ya kila alama. Uzi wa pamba haufai. Hutumika waya mwembamba wa chuma wenye kilo 10 au zaidi mwishoni mwake. Waya huteremshwa na kusogezwa juu mpaka ncha ya timazi iangukie alama. Mahali waya unapopita juu ndipo nukta mpya ilipo.

Ugumu wa kwanza ni kwamba timazi haitulii. Muda wa bembea moja, kwenda na kurudi, ni mara 2π ya kipeo cha pili cha urefu ukigawanywa kwa mvutano wa dunia. Kwa mita 30 muda huo ni sekunde 11. Chombo kinachobembea polepole namna hiyo hudanganya, kwani mtu asiye mvumilivu hudhani kimesimama ilhali kinageuka tu mwisho wa bembea. Mafundi hulizamisha jiwe la timazi ndani ya ndoo ya oili chafu ili bembea ife upesi. Maji nayo hufaa, ila si sana.

Ikiwa haiwezekani kungoja hadi itulie, kuna hila nzuri ya hesabu. Rula huwekwa nyuma ya waya, na miisho ya bembea husomwa kwa zamu. Tuseme masomo ni 112 kushoto, 148 kulia, 114 kushoto, 146 kulia na 116 kushoto. Wastani wa kushoto ni 114, wa kulia ni 147, na katikati ya hizo mbili ni 130.5. Mtu aliyechukua masomo mawili ya kwanza tu angepata 130, kwa sababu bembea ilikuwa inapungua wakati akiipima. Masomo matatu ya upande mmoja na mawili ya upande wa pili huliondoa kosa hilo.

Ugumu wa pili ni upepo, na huu hauponywi na oili. Waya wa mita 30 wenye unene wa milimita 1 huukabili upepo kwa eneo la mita za mraba 0.03. Hewa ya Iringa ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwanana tu, husukuma waya huo kwa nguvu ya nyutoni 0.07 hivi. Nguvu hiyo yaweza kuchukuliwa kama iko katikati ya waya, mita 15 kutoka juu, ilhali uzito wa timazi ya kilo 10 ni nyutoni 98. Mwanafunzi akichukua mizunguko ya nguvu kuizunguka sehemu ya juu, atapata kwamba ncha ya timazi imesogea karibu milimita 11. Na kwa timazi ya kilo 5 ni mara mbili yake. Linalotia wasiwasi ni kwamba timazi iliyosukumwa na upepo wa kudumu hutulia vizuri kabisa, ila hutulia mahali pasipo pake.

Wapima wa migodi, ambao hufanya kazi hii kinyume kwa kuteremsha alama kwenda chini ya ardhi, walipata funzo hilo kwa namna iliyozua maneno mengi. Mwaka 1901 katika mgodi wa Tamarack, jimbo la Michigan nchini Marekani, timazi mbili zenye urefu wa zaidi ya mita 1,200 ziliteremshwa katika shimo moja. Kwa kuwa kila timazi huelekea katikati ya dunia, zilitarajiwa kukaribiana chini, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Zilipopimwa zilikutwa zimeachana zaidi chini kuliko juu. Wengine walishuku sumaku katika miamba, wengine mvutano wa kuta za shimo. Profesa F. W. McNair wa chuo cha madini cha Michigan alifuatilia jambo hilo mpaka akaonyesha kwamba chanzo ni hewa iliyokuwa ikizunguka ndani ya shimo na kuzisukuma nyaya. Watu waliotafuta siri katika kiini cha dunia walikuwa wamelisahau pepeo la hewa lililo mbele ya pua zao.

THEODOLAITI KUTOKA NJE

Njia ya pili haihitaji matundu. Theodolaiti husimamishwa nje ya jengo, juu ya mstari uliorefushwa kutoka kwenye mhimili. Darubini huelekezwa kwenye alama ya chini, hufungwa isigeuke pembeni, kisha huinuliwa mpaka ukingo wa sakafu ya juu, na hapo alama hutiwa. Theodolaiti ya pili, au ile ile ikihamishwa, hufanya vivyo hivyo kutoka upande ulio mraba na wa kwanza. Mistari miwili ikikatana, nukta imepatikana.

Kila mwelekeo hauna budi kupimwa mara mbili, mara ya pili darubini ikiwa imepinduliwa na chombo kugeuzwa nusu duara, kisha ichukuliwe katikati ya alama mbili. Hivyo makosa ya darubini isiyo mraba na mhimili wake, na ya mhimili wa mlalo usiolala sawasawa juu ya chombo, hujifuta yenyewe. Kuna kosa moja lakini ambalo haliondoki kwa kupindua: chombo chenyewe kikisimama kimeinama. Kikiinama pembeni kwa sekunde 20 tu za pembe, alama ya kimo cha mita 30 itapotoka kwa milimita 3, na ya mita 60 kwa milimita 6, hata darubini ipinduliwe mara mia. Ndiyo sababu kiputo cha pima maji huangaliwa upya kabla ya kila mwelekeo, na kiputo hakipendi jua lipigalo upande mmoja wa chombo. Mpima hukikinga kwa mwavuli.

Katika mitaa iliyosongamana njia hii hukwama. Ili kuitazama ghorofa ya mita 30 kwa pembe ya nyuzi 45, chombo kisimame mita 30 kutoka ukutani, na mita 30 hizo mara nyingi ni ua wa jirani. Kikisogezwa hadi mita 15 pembe huwa nyuzi 63, na jicho la mpima halipati pa kuchungulia. Pamoja na hayo njia hii isidharauliwe, maana ina faida moja itakayoonekana mbele.

DARUBINI ITAZAMAYO JUU

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi. Chombo husimamishwa juu ya alama ya chini, na badala ya kutazama mbele, mstari wake wa kuona hupinda kwa prizimu na kwenda juu wima, ukipita katika matundu yale yale ya sentimita 20. Juu, kipande cha kioo chenye mistari huwekwa kwenye tundu, na msaidizi hukisogeza kwa maelekezo mpaka kikutane na mstari. Chombo cha Wild ZL kilichotengenezwa Uswisi kilipata sifa ya usahihi wa sehemu 1 kwa 200,000, maana yake milimita 0.5 katika mita 100. Katika vyombo vya baadaye mwali wa leza umechukua nafasi ya jicho, na nukta nyekundu hujionyesha yenyewe juu ya kioo.

Kwa jengo la mita 30 usahihi huo ni chini ya milimita 0.2, mdogo kuliko unene wa mstari wa penseli. Basi makosa yanayobaki ni ya mikono: kuweka chombo sawasawa juu ya alama, na kutia alama juu. Kwa hiyo mpima hachukui nukta moja. Huzungusha chombo robo duara kila mara, akapata nukta nne juu ya kioo. Kama mstari wa chombo umeinama kidogo, nukta hizo hufanya mraba mdogo, na wima wa kweli uko pale hanamu za mraba zinapokatana. Kosa limejizunguka likajitaja lenyewe.

Matundu hayo yana hatari yake. Aliye chini na chombo amekaa chini ya shimo linalopita sakafu zote, na msumari ulioponyoka kutoka ghorofa ya tisa hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 24 kwa sekunde. Matundu hufunikwa kila wakati yasipotumika, na hakuna anayechungulia bila kofia ngumu.

JENGO LENYEWE HUTIKISIKA

Hadi hapa imechukuliwa kwamba jengo limesimama kimya. Kwa kweli jua la asubuhi hupasha joto upande wa mashariki, upande huo hutanuka, na jengo huinamia magharibi. Jioni huwa kinyume. Zege hutanuka kwa sehemu 11 hivi kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya selisiasi. Ikiwa pande mbili zimetofautiana kwa nyuzi 5, jengo la Kihesa la mita 30 lenye upana wa mita 15 litasogea juu kwa milimita 1.7 tu, jambo la kupuuzwa. Lakini msogeo huo hukua kwa mraba wa kimo. Kwa jengo la mita 150 lenye upana wa mita 25 hufikia milimita 25.

Majengo ya kimo hicho yapo Afrika Mashariki. Minara ya PSPF ya Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 2014, ina ghorofa 35 na hupita mita 150, na mnara wa Britam wa Nairobi, uliokamilika mwaka 2017, hufikia mita 200. Katika jengo la namna hiyo nukta iliyopandishwa saa nne asubuhi huwa wima kweli kweli, lakini imetiwa juu ya jengo lililojikunja. Usiku jengo likinyooka, nukta huenda nalo. Hivyo kupandisha alama hufanywa alfajiri, kabla ya jua, wakati kuta zote zina joto moja na upepo umelala. Fundi wa Iringa aliyezoea kuamka katika baridi ya Juni ana bahati kuliko anavyodhani. Kwa Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828 na iliyofunguliwa Januari 2010, alfajiri haikutosha. Wapima waliweka juu vipokezi vya setilaiti na vipima-mwinamo katika ngazi mbalimbali za jengo, ili kila saa wajue jengo limeegemea wapi na kiasi gani, kisha wakalihesabia.

Setilaiti, hata hivyo, haiwezi kuchukua nafasi ya darubini katika jengo dogo. Vipokezi vinavyotumika kwa haraka viwanjani hukosea kwa sentimita 1 au 2, na nondo na kuta zilizo karibu huvichanganya zaidi.

KUHAKIKI

Nukta nne zikisha kupanda, umbali kati yao na hanamu zote mbili hupimwa upya. Zikiwa mita 12, 16 na 20 kama chini, mpima hufurahi. Lakini asifurahi mapema. Hanamu huonyesha tu kwamba nukta hazijahamiana zenyewe kwa zenyewe. Kama nyaya zote nne zilisukumwa milimita 11 na upepo ule ule, mstatili mzima umehama pamoja. Pande zake ni kamili, hanamu zake ni kamili, na mahali pake si penyewe. Ndivyo ilivyo pia ukizunguka wote kwa pamoja.

Ushahidi wa jambo hilo lazima utoke nje ya jengo, na hiyo ndiyo faida ya theodolaiti iliyoahidiwa. Kabla ya ujenzi mpima huchagua kitu cha mbali kisichotembea, kama jiwe kubwa juu ya mlima au ncha ya mnara, akapima mwelekeo wake kutoka alama za chini. Iringa haina uhaba wa mawe ya namna hiyo. Akisha kupandisha nukta, husimama juu yake akakitazama tena kitu hicho. Mwelekeo ukibadilika, mstatili umezunguka. Kitu kikiwa umbali wa kilomita 3, hata msogeo wa milimita 11 hubadilisha mwelekeo wake kwa chini ya sekunde 1, kwa hiyo hufaa kwa kuhakiki mzunguko peke yake; msogeo hutafutwa kwa theodolaiti iliyo chini, karibu na jengo.

ZOEZI

Shule yenye jengo la ghorofa moja au mbili inaweza kulifanya jambo hili kwa uzi wa kuvulia, jiwe la kilo 2, ndoo ya maji na rula. Wanafunzi wauteremshe uzi katika uwazi wa ngazi.

1. Wapime muda wa bembea 10 kabla jiwe halijaingia majini, kisha wakokotoe urefu wa uzi kwa kuchukua mvutano wa dunia kuwa 9.78. Uzi wa mita 6 utatoa karibu sekunde 49.

2. Wasome miisho mitano ya bembea na kutafuta katikati yake kwa njia iliyoonyeshwa, halafu waitumbukize timazi majini na kulinganisha mahali inapotulia.

3. Wafungue mlango na madirisha ya ngazi siku yenye upepo, wapime tena. Tofauti iandikwe pamoja na mwelekeo wa upepo.

4. Nukta mbili zimetengana mita 16 ardhini. Kwa kuwa timazi zote huelekea katikati ya dunia, ambayo nusukipenyo chake ni kilomita 6,371, nukta hizo zikipandishwa mita 30 zitaachana kwa kiasi gani zaidi? Jibu likipatikana, wanafunzi walilinganishe na unene wa unywele, kisha waamue kama mpima wa Kihesa ana haja ya kulihesabia.